Viwimbi vya pawasaplai: probu ya 1x, ya 10x au kebo ya koaksia?

saketi_huru: Wakuu, nina konveta ya swichi inayoshusha 12 V kuwa 5 V. Napima viwimbi vyake, yaani mtikisiko mdogo wa volti, kwa osiloskopu (kifaa kinachochora volti kwenye skrini). Kwa probu ya 10x (inayopunguza ishara mara 10) na klipu yake ya ethi naona miiba ya karibu 150 mV. Nikiweka 1x inashuka sana. Niamini ipi?

mchoma_lehemu: Usiamini yoyote kwanza. Gusisha ncha ya probu na klipu yake pale pale kwenye ethi ya bodi. Kinachobaki kwenye skrini hakitoki kwenye 5 V: waya wa klipu umefanya kitanzi, nacho kinanasa usumaku wa koili. Vua kofia ya probu, weka springi fupi ya ethi, pima kwenye miguu miwili ya kapasita ya kutolea, ile ya upande wa 5 V.

wimbi50: Sawa kabisa, ila 10x kwa viwimbi vidogo siipendi. Inagawa ishara kwa 10, osiloskopu inaikuza tena pamoja na kelele yake yenyewe. Na ile 1x isikudanganye mkuu, nyingi hazionyeshi kilicho juu ya MHz 6 hadi 10. Miiba haijapungua, imefichwa tu.

Mimi nalehemu koaksia (kebo yenye waya wa kati uliozungukwa na ngao) ya ohm 50 kwenye kapasita ya kutolea, naweka kapasita ya kuzuia DC (ile 5 V tuli) mfululizo, ingizo la osiloskopu likiwa ohm 50. Hiyo ya kuzuia DC usiiruke, maana ingizo la ohm 50 kwa kawaida halivumilii zaidi ya 5 V. Ukiweka 1 µF, kila kilicho chini ya takriban 3 kHz kinafifia.

saketi_huru: Osiloskopu yangu ina ingizo la megaohm 1 tu.

wimbi50: Funga terminata ya kupitishia ya ohm 50 (kipande chenye rezista ndani) kwenye BNC, lile tundu la ingizo.

nusu_mzunguko: Mnamchosha bure! Mwongozo wa ATX (pawasaplai za kompyuta) wenyewe unapima kwa kikomo cha 20 MHz (osiloskopu inakata masafa ya juu ya hapo), na kapasita za 10 µF na 0.1 µF kwenye kiunganishi. 5 V inaruhusiwa 50 mV kilele hadi kilele, 12 V inaruhusiwa 120. Kwa hapo 10x yenye springi inatosha. Koaksia mwachie anayelisha ADC (kigeuzi cha ishara kuwa namba) au redio.

mchoma_lehemu: Na upande wa umeme wa ukutani klipu isiguse kamwe, ethi ya osiloskopu ni ile ile ya plagi. Huko ni probu ya kupima tofauti (differential), inayosoma kati ya nukta mbili bila kushika ethi.

saketi_huru: Ncha kwenye ethi: bado 110 mV! Kwa springi na 20 MHz, 5 V inasoma 18 mV.

wimbi50: Sasa zima hicho kikomo, springi ibaki, utuonyeshe.