Sauti ya laptopu imehama baada ya kuinstoo na kutoa programu ya maiki, msaada wakuu

binti_makorora

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada, laptopu yangu inanitoa jasho. Ni Windows 10. Nilikuwa naandaa video zangu za mapishi nikaambiwa kuna programu ya bure inachanganya maiki na muziki vikaingia pamoja kwenye OBS (ile programu ya kurekodi video), nikaipakua nikainstoo, ikanishinda maana ina vitufe utadhani unarusha ndege, nikaitoa. Tangu hapo spika kimyaaa. Ajabu ni kwamba nikicheza wimbo ile mita ya kijani inapanda na kushuka kabisa kama kuna kitu kinatoka, ila husikii chochote! Nikifungua mmsys.cpl (dirisha la vifaa vya sauti la Windows) naona kifaa sikijui, kina jina la ileile programu niliyoitoa, na ndicho chenye tiki ya kijani. Nikihamishia tiki kwa spika sauti inarudi, nikizima na kuwasha inahamia kulekule. Na Zoom ndo siwasikii watu hata hiyo tiki ikiwa kwa spika. Fundi wa hapa mtaani anasema dawa ni kupiga windows upya, elfu 20, na mafaili nihamishe mwenyewe. Kweli jamani??

kijana_wa_posta

Piga windows tu dada, hizo programu za bure zinaacha uchafu mwingi, ukianza kuhangaika nazo utakesha

mzee_wa_draiva

Acheni hii tabia ya kila kitu piga windows, mtu ana kazi zake mle.

Dada, programu za namna hiyo zinakuja na vitu viwili, kuna apu yenyewe unayoiona na kuna draiva, yaani programu ya chinichini ya kuendesha kifaa, inayotengeneza kifaa cha sauti cha kubuni. Umetoa apu, draiva imebaki, na kwa Windows hicho ni kifaa halali kama spika zako tu. Ndo maana mita inacheza, sauti inafika kweli ila kifaa chenyewe hakina pa kuitolea, inaishia humohumo.

Fanya hivi. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika devmgmt.msc, juu kwenye View chagua "Show hidden devices" halafu fungua "Sound, video and game controllers". Utakiona pale. Bonyeza kulia, "Uninstall device", na hapo ndipo wengi wanapopitiliza: kuna kiboksi cha kufuta na draiva, KITIE TIKI, usipokitia draiva inabaki ndani na kifaa kinaweza kurudi. Kisha zima uwashe. Usiguse Realtek wala Intel, hizo ndo sauti yako yenyewe. Na kama mkono umeteleza ukaifuta Realtek usilie, mara nyingi Windows ikiwaka inaweka draiva yake ya kawaida, itaandika "High Definition Audio Device" na spika zinalia, ile ya kampuni utaitafuta kwenye tovuti ya waliotengeneza laptopu kwa kufuata modeli, siku una bando la kutosha.

shemeji_kebo

Mzee kamaliza, naongeza la Zoom. Windows ina chaguo mbili za kifaa, cha kawaida na cha mawasiliano, na programu nyingi za simu zinafuata hicho cha pili. Wewe umehamisha tiki ya kwanza tu. Kwenye mmsys.cpl bonyeza kulia kwenye spika, chagua "Set as Default Communication Device", halafu kwenye maiki yako nako pale "Recording" fanya vilevile. Zoom nayo ina sehemu yake ya kuchagua spika kwenye mipangilio ya sauti, angalia isije ikawa bado imeng'ang'ania ya zamani.

binti_makorora

Wakuu mbarikiwe, nimekikuta pale kweli, nimefuta na kiboksi nimetia tiki, nimezima nimewasha sauti iko palepale kwenye spika na Zoom inasikika. Sasa kimebaki kituko kimoja, mtu akinipigia Zoom muziki unashuka hadi nausikia kwa mbali, na OBS haishiki maiki

shemeji_kebo

Hiyo ya muziki siyo ugonjwa, Windows ndivyo inavyokuja, ikihisi simu inapunguza sauti nyingine kwa asilimia 80. mmsys.cpl, "Communications", chagua "Do nothing". OBS bado inatafuta kile kifaa ulichofuta, ingia Settings, Audio, mchagulie maiki yako halisi.

mtoto_wa_bandari

Nadandia hapa hapa, mimi Windows 11, spika ni sahihi kila mahali ila Chrome peke yake ndo haina sauti, na mimi niliweka na kutoa programu kama hiyo

mzee_wa_draiva

Settings, System, Sound, Volume mixer. Kila apu ina kifaa chake pale, Chrome uliielekeza kule wakati unajaribu. Shuka chini kabisa kuna Reset, ibonyeze, kisha funga Chrome yote uifungue tena. Na kama kile kifaa hukioni kabisa kwenye devmgmt, fungua cmd (dirisha jeusi la kuandika amri) kama msimamizi uandike pnputil /enum-drivers, itakuletea orodha ndefu, soma jina la mtoaji wa kila draiva taratibu. Usifute kitu, bandika hapa kwanza tuone.