Keekee ya trekta imezama shimoni Kisarawe haitoki, msaada wakuu

mhogo_mchungu
Wakuu habari za mchana. Naenda kwenye mada moja kwa moja maana hapa nimekaa kwenye ndoo shambani na simu ina asilimia 31.

Nina shamba kama ekari 6 hivi Masaki (Masaki ya Kisarawe jamani, sio ile ya wenye hela), mita 200 kwa 120. Nataka kuzungushia seng'enge maana ng'ombe za watu zimenimalizia mihogo misimu miwili mfululizo na kila nikienda kwa mwenyekiti naambiwa tuelewane kijirani. Nikapiga hesabu, mzunguko mita 640, nguzo kila mita 3, nguzo kama 214. Vibarua wakataka 3,500 kwa shimo la futi 2, yaani karibu laki saba na nusu, na kwa spidi yao tungemaliza masika yakiwa yamefika. Jamaa akaniunganisha na mtu mwenye Massey Ferguson la kizamani lenye keekee, ile mashine ya kuchimba mashimo ya nguzo, inafungwa nyuma inazungushwa na PTO (ile shafti ya nyuma ya trekta inayotoa nguvu ya injini), ni skrubu kama ya mashine ya kusagia nyama ila ndefu kunifika kifuani. Laki nne kwa siku, dizeli juu yangu.

Leo asubuhi raha tupu. Upande wa juu ni kichanga, mpaka saa nne tuna mashimo 31. Tukashuka bondeni, kule juu mchanga ila ukipita futi moja ni mfinyanzi mwekundu mkavu. Bolti ya kwenye propela (ile fimbo ya chuma inayozunguka kati ya PTO na giaboksi ya keekee) ikakatika. Dereva akaweka nyingine, ikakatika, ya tatu nayo, ya nne nayo. Akasema bosi hizi bolti feki, akatoa nyingine kwenye boksi lake akaikaza, kweli haikukatika tena. Ila ikawa haishuki, inazunguka tu juu juu inang'arisha udongo, basi vijana wawili wakawa wanakalia lile bomba la juu kuipa uzito. Tukapata mashimo matatu kwa shida, la nne ikachomoka ikazama yote kwa mara moja mpaka giaboksi ikagusa ardhi, injini ikazima.

Sasa akinyanyua haidroliki matairi ya mbele ya trekta ndo yanaenda hewani, keekee haisogei hata nchi. Dereva anasema tutafute fuso livute. Mwenye trekta hapatikani. Naitoaje hii kitu, na kesho niendelee na mashine au nirudi kwenye mtarimbo?

Babu Toplinki
Zima trekta. Toa funguo weka mfukoni MWAKO, sio mwa dereva. Halafu rudi hapa usome.

chapati_moja
Mkuu nguzo ya kona umeshapata, mwaga zege hapo hapo 😂😂

mhogo_mchungu
Limezimwa, funguo ninayo mimi. @chapati_moja acha utani kaka, hapa jasho linanitoka

Babu Toplinki
Haya. Mimi nimeendesha trekta miaka mingi mashamba ya miwa huko Morogoro, hiyo mashine naijua na imeshanizamia mara zaidi ya moja.

Kilichotokea ni hivi. Ile kitu ni skrubu. Ukiiacha ishuke kwa spidi yake bila kuinyanyua kutoa udongo, inajifunga yenyewe ardhini kama skrubu inavyoingia kwenye mbao, na udongo wote uliokatwa unakaa juu ya mapanga yake. Kwahiyo dereva wako akinyanyua haidroliki hanyanyui keekee, ananyanyua keekee pamoja na shimo zima, na huo udongo ni mfinyanzi, unanyonya. Ndo maana trekta linasimama miguu ya nyuma kama mbuzi. Asirudie hiyo kitu, linaweza kumlalia, na hata lisipomlalia atapasua giaboksi. Fuso mwambie asahau, atapinda shafti na mwenye mali atakudai ww.

Skrubu inatokaje? Kwa kuizungusha kinyume. PTO ya hilo trekta hairudi nyuma kwahiyo utazungusha kwa mikono. Hakikisha PTO imetolewa kwenye gia, chomoa propela upande wa trekta, na wakati unachomoa usisimame usawa wake maana ikijifunga hivyo chuma kinabaki kimejisokota na kinaweza kurudi kwa nguvu. Tafuta spana kubwa ya mabomba, ile ya mafundi bomba, shika shafti ya keekee pale chini ya giaboksi, chomeka bomba refu kwenye mkono wa spana muwe wawili mzungushe kinyume. Raundi 2 au 3 zikienda, mtu wa haidroliki anyanyue KIDOGO, kama nchi moja, huku hakuna mtu anayeshika spana. Tena mnazungusha, tena mnanyanyua. Ikigoma kabisa fungua bolti inayoshika keekee kwenye giaboksi, trekta liondoke zake, halafu mchimbe pembeni kwa sururu mpaka iachie, hamna haraka.

Na niambie hiyo bolti aliyoweka mwisho kichwani imeandikwa nini.

Sina_Mbavu
Mimi sijaelewa bado, watu wawili walikalia mashine inazunguka? Vijana wa watu?

PTO za hayo matrekta ni mizunguko 540 kwa dakika, gawa kwa 60, hiyo ni mizunguko 9 kwa sekunde MOJA. Ukisema "mama" tu shati limeshajiviringa mara tisa na mkono uko ndani yake. Mjomba wangu ana mkono mmoja, na sio vita, ni propela ya pampu ya maji, koti la mvua lilishikwa ule mkanda wa kiunoni. Anasema hata maumivu hakusikia, alijikuta tu yuko chini anaangalia matairi. Hiyo propela yenu ina kava la plastiki?

mhogo_mchungu
Haina kava mkuu. Dereva anasema lilikatika akaona linamsumbua akalitoa. Na kweli mmoja wa vijana amevaa jezi imechanika inaning'inia. Sikuwaza kabisa hii kitu daah

Bolti imeandikwa 8.8

Sina_Mbavu
Hukuwaza ndiyo, wengi hawawazi. Kesho mtu akae mbali hatua kumi mashine ikizunguka, jezi achomekee. Mashine haishuki kwa uzito wa binadamu, haishuki kwa sababu meno yake yameisha, mwambie dereva ageuze keekee uone chini kama kuna jino lolote la kukata.

Babu Toplinki
8.8, nilijua tu.

Wakuu wanaofuatilia huu uzi sikieni hapa. Hiyo bolti imewekwa ILI ikatike. Ni kama fyuzi ya umeme, ukiona fyuzi inaungua kila saa hurukii kuweka waya wa nondo, unajiuliza nini kinaunguza. Keekee ikigonga jiwe au mzizi wa mwembe, kitu kimoja lazima kivunjike, na bora iwe bolti ya bei ya soda kuliko msalaba wa propela au meno ya giaboksi. Pale inakaa bolti laini. Kwa za milimita kichwani utakuta 4.6, kwa za nchi kichwa kiko tupu hakina mstari wowote. Ukiona mistari mitatu au sita, au 8.8 na kupanda, hiyo ni bolti ngumu, peleka kwenye spring za gari huko. Nenda Gerezani pale Dar kwenye maduka ya spea, beba ya zamani mkononi ununue kumi za saizi ile ile, usikubali maneno ya "hii bosi ni stroong zaidi".

Na 4 kukatika kwa mpigo huko bondeni sio bolti feki. Ni dereva kuchimba mfinyanzi kwa mwendo wa mchanga. Ashushe moto, injini iwe juu kidogo tu ya sailensa (mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta), ashuke kama nchi 6, anyanyue mpaka juu udongo umwagike, ashuke tena. Shimo la futi 2 ni kushuka mara nne mpaka tano. Dereva anayechimba kwa mara moja anawahi kwenda kula.

Mama Kiluvya
Wanangu poleni na majukumu. Mimi shamba langu liko Mkuranga na nilichimbiwa na mashine kama hiyo, kwetu shida ilikuwa kinyume, mchanga mkavu unarudi wote shimoni, mashine ikitoka na shimo limefukiwa. Mzee mmoja akatuambia tumwage maji jioni ndoo moja kila alama, asubuhi ndo tuchimbe, ukuta ukasimama vizuri. Na nimesikia hata kwenye mfinyanzi mkavu hivyo hivyo, maji kidogo usiku kucha yanaulainisha, ila yasizidi maana utashinda unakwangua tope kwenye mapanga.

Kingine, kabla ya kuchimba popote ulizeni serikali ya kijiji kuna nini chini. Huku kwetu bomba la gesi la kutoka Mtwara linapita kwenda Kinyerezi, na mabomba ya maji ya watu yamezikwa kama minyoo hayana hata alama. Jirani yangu alikata bomba la maji siku ya kwanza tu, akawa wa kulipa badala ya kulipwa.

kibubu.tz
Umepimiwa lakini? Bikoni zipo? Isije kuwa unachimba mashimo 214 kwenye shamba la mtu

mhogo_mchungu
Bikoni zipo nne zote nimeziona kwa macho. Asante mama @Mama Kiluvya, ntauliza. Tumempata fundi bomba ana spana kubwa, anakuja na bodaboda. Simu 12% narudi

fundi_wa_mtaa
Me naona mnampoteza mwenzenu. Mfinyanzi sio wa mashine, narudia, sio wa mashine. Ukanda wote huo kuanzia milima ya Pugu udongo wake ndo ule ule, Pugu kwenyewe walichimba kaolini mpaka yakabaki mapango. Chukua vibarua wa mtarimbo huko bondeni, mashine ibaki kwenye kichanga. Alafu kuna jambo hawajakwambia, keekee ikichimba mfinyanzi inaupiga ukuta wa shimo plasta, unang'aa kama chungu. Ukisimamisha nguzo na kurudishia udongo haishikani, mvua ikinyesha maji yanakaa humo kama kikombe na nguzo inacheza. Kwangua ukuta na panga uwe na makovu ndo ufukie.

Babu Toplinki
Hapo kwenye plasta nakuunga mkono 100%. Kwenye "sio wa mashine" hapana, ni wa mashine yenye meno mapya na dereva mwenye subira. Ila kwa hii aliyokodi ni kweli bora vibarua wamalizie.

fundi_wa_mtaa
Tumekubaliana basi mzee wangu, maana hiyo mashine ya laki nne meno yake ni kama ya bibi yangu

chapati_moja
Nguzo zenyewe za nini? Kama ni miti mchwa wa Kisarawe watakushukuru sana

mhogo_mchungu
IMETOKA!!! Dakika kama 50. Raundi ya kwanza ilikuwa ngumu tulidhani spana itakatika, tukachimba kidogo pembeni kwa sururu, ikaachia, baada ya hapo ikawa inakuja yenyewe. Kugeuza keekee chini, wakuu, meno mawili hayapo kabisa na la tatu limebaki kipande, ile ncha ya katikati imekuwa duara kama kidole. Ndo maana ilikuwa inang'arisha udongo. Na dereva alikuwa anajua maana hakushtuka.

@chapati_moja mikaratusi iliyotiwa dawa, kona na geti ni nguzo za zege.

Sina_Mbavu
Afadhali. Kona chimba futi 3 na weka mikono ya kuegemeza, seng'enge ikivutwa nguzo za kona ndo zinabeba mzigo wote. Na yule wa jezi?

mhogo_mchungu
Nimemwambia aivue kabisa, yuko kifua wazi sasa hivi anakula muhogo.

*(siku mbili baadae)*

mhogo_mchungu
Mrejesho wakuu maana najua mnachukia nyuzi zisizo na mwisho.

Jana sikuita trekta, nikaenda Gerezani nikanunua bolti laini kumi na meno matatu ya kufunga kwa bolti, muuzaji akanishawishi ngumu mara mbili nikamuonyesha ya zamani akanyamaza. Jioni tukamwaga maji kwenye alama kama 40, sio zote, maji yenyewe tunanunua. Leo asubuhi dereva akaja, nikamwambia kabisa ukipandisha moto nazima, alinuna ila alifuata. Leo tumepata mashimo 118 na bolti zilizokatika ni 2 tu, moja ni mzizi wa mkorosho. Jumla na yale ya juzi ni 153. Yamebaki 61 yote bondeni kwenye mfinyanzi, hayo nimewapa vibarua, na wamepandisha mpaka 4,000 kwa shimo kwa sababu waliona trekta limeshindwa, sijabishana. Ni 244,000, sawa.

Lile shimo lililozamisha keekee sasa ni bwawa, nimeamua pale ndo nitasimamisha nguzo ya zege ya kona ndogo ya choo.

Mwenye trekta kajitokeza leo jioni baada ya siku mbili za kutopatikana. Hajauliza giaboksi, hajauliza dereva, kauliza ile bolti yake ngumu iko wapi. Nimemwambia sijui. Iko hapa kwenye mfuko wa suruali.

Babu Toplinki
Usimpe.