Moa yenye kondishona, kwa hei ya huku pwani inalipa?

Mfugaji Kisauni
Salaam aleikum wadau. Nina shamba la nyasi za boma rhodes Kikambala, hei, yaani nyasi zilizokaushwa, nauzia wenye ng'ombe wa maziwa hapa Mombasa, toka Kisauni mpaka Likoni. Kila msimu nakodi moa ya drami, ile mashine ya kukata nyasi inayofungwa kwa trekta, sasa nimechoka na foleni nataka yangu. Kuna dalali amenishikilia nichukue moa yenye kondishona, kile kifaa cha kuponda nyasi zikishakatwa, mtumba wa Ulaya, ati nyasi zinakauka upesi, lakini bei yake mara mbili na zaidi. Kwa fukuto hili la bahari itasaidia kweli ama ni maneno ya dalali? Trekta ninayo, Massey 240.

Yakhe wa Trekta
Hapo dalali hajakudanganya. Jani hukauka mapema, kinachochelewesha ni bua, limefungia maji ndani, sasa kondishona inalivunjavunja maji yapate pa kutokea. Ila hiyo 240 nguvu yake ni hospawa 50 hivi, na zile moa za kondishona za kukokota za mita 3 zataka 80 kwenda juu. Utazimikiwa katikati ya shamba.

Mama Mabela
Inategemea wakata lini. Kaskazi, Januari na Februari, huihitaji hata kidogo, jua na upepo vyatosha, kata umande ukishatoka, geuza na reki, basi. Faida yake iko kusi, mwezi wa saba wa nane, nyasi za masika zimeshiba maji ni nzito halafu kuna vile vimvua vya asubuhi visivyo na adabu, ukipata siku mbili za jua mfululizo shukuru Mungu. Na bela, ule mzigo wa hei, likifungwa na unyevu zaidi ya asilimia 20 linashika ukungu, ukilirundika stoo lapata joto mpaka laweza kuwaka lenyewe. Mimi ninayo na inanilipa kwa vile ile ya kusi ndio naweka mpaka kiangazi bei ipande.

Fundi Changamwe
Mbona hakuna aliyetaja mawe? Kikambala chini ni matumbawe matupu. Hizi kondishona kuna za rola za mpira na za vidole. Rola ni nzuri kwa alfalfa (lusini), hazipukutishi majani sana, lakini jiwe likiingia laukata mpira, na kuuvisha upya si pesa ya mchezo. Juzi nimeletewa moja rola imeliwa kama mkate ulioonwa na panya, mwenyewe mpaka leo atafuta spea. Boma rhodes vidole vyatosha, vyakwangua ile nta ya juu ya bua, na kikipinda kimoja wabadilisha hicho hicho. Ukikata acha sentimita 10 hivi chini, visu vipone na nyasi zichipue haraka.

Mfugaji Kisauni
Shukran sana. Mimi nyingi nakata Februari, basi nachukua drami na reki, hiyo nyingine dalali akae nayo. Mama Mabela, unyevu wapima na nini? Ile mita nimeulizia bei nikanyamaza.

Mama Mabela
Chumvi babangu. Katakata nyasi ujaze nusu ya chupa ya jemu, chupa iwe kavu, tia chumvi vijiko viwili, huku kwetu ianike kwanza maana yavuta maji hata ndani ya mkebe, kisha funga utikise dakika moja mbili. Chumvi ikishikana, ngoja. Ikibaki kavu yamwagika, ita watu wa bela. Na nyasi za kupima uzitoe chini ya tuta la nyasi ulizokata, usichukue za juu.