Namsomea bibi riwaya ya mbwa na mwisho unakaribia. Nimbadilishie?

Mwana_Kibokoni

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nina jambo la kuomba ushauri. Mtacheka, lakini mkimaliza kucheka mnijibu.

Bibi yangu ana miaka 81. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho. La kulia limefunga kabisa, na la kushoto anasema watu anawaona kama samaki ndani ya maji machafu. Operesheni bado wiki tatu. Huyu ni mtu ambaye hata gazeti lililofungiwa mahamri alikuwa akilikunjua alisome kwanza, ndipo ale. Sasa hawezi, na redio imemchosha. Basi kila usiku baada ya Isha nakaa kitandani kwake namsomea riwaya. Vitabu vyangu ni vya Kiingereza, vya mitumba, kwa hivyo nasoma sentensi kimoyomoyo kisha natoa kwa Kiswahili. Umeme ukienda twaendelea kwa tochi ya simu.

Mie ni msomaji wa aina mbili tu. Ya kwanza riwaya za mbwa, zile za kukutoa machozi kwenye matatu watu wakadhani umefiwa. Ya pili mapenzi ya mizimu: kuna nyumba, kuna maiti, kuna mwanamume mzuri ambaye huenda ni mzimu au huenda ndiye muuaji.

Tulianza na The Art of Racing in the Rain, cha Garth Stein. Msimulizi ni mbwa, Enzo, anayeishi na dereva wa mashindano ya magari kule Seattle. Huyo Enzo elimu yake kaipata kwa kutazama televisheni, na maneno yake ni ya mtu aliyesoma falsafa. Bibi alisikiliza siku tatu akasema, "Mbwa huyu ana maneno kuliko wakili. Nitafutie mwengine." Na wallahi nakubaliana naye. Mbwa wa riwaya hunoga pale anapojua machache: harufu ya viatu vya bwana wake, mlango uliochelewa kufunguliwa, sauti ya mtu anayejifanya hana huzuni. Akianza kutoa mawaidha, mbwa kaondoka kabaki mwandishi.

Tukahamia A Dog's Purpose, cha W. Bruce Cameron, cha 2010. Hapo bibi amenasa. Mbwa anakufa na kuzaliwa tena, maisha manne. Nilipofika alipozaliwa mara ya pili nikasita, nikajua nitafukuzwa chumbani. Bibi akanyamaza, akasema, "Hiyo ni imani ya jirani zetu wa zamani wa Kihindu, si yetu. Endelea." Nyumba ilipoungua usiku na yule kijana Ethan akaumia mguu, bibi alishika mkono wangu hata kalamu ikaanguka. Na huyu ni mwanamke ambaye mbwa akipita tu kwenye uchochoro wetu hukusanya nguo zake zote.

Sasa taabu iko hapa. Bibi kila usiku aniuliza, "Mbwa atakufa tena?" Mie nimetangulia nikasoma mwisho. Mbwa hafi. Anayekufa ni Ethan, keshakuwa mzee, na mbwa yuko kando yake. Nitamsomeaje mtu wa miaka 81, anayengoja kuingizwa chumba cha operesheni, kurasa za mzee anayekufa? Mie ndiye mfasiri, hakuna mwengine nyumbani atakayejua. Naweza kumalizia Ethan anakaa barazani na mbwa wake, jua linatua, basi.

La pili: kitabu kinachofuata bibi ataka cha mizimu, maana amenisikia nikivisimulia. Mama mkubwa amekataa katakata. Asema kusoma mapenzi ya mizimu usiku, tena kwa sauti, ni kumwita jini mahaba, yule jini anayempenda binadamu. Niambieni, nifanye nini.

Msomaji_Buxton

Kwanza, ahsante kwa kunieleza mwisho wa kitabu ambacho nilikuwa nimekifika katikati. Mungu anakuona.

Pili, usibadilishe. Wiki tatu macho yatafunguka, na kitabu kiko hapo hapo nyumbani. Mtu aliyekuwa akisoma gazeti la mahamri atashindwa kufungua kurasa za mwisho? Akigundua, hatakuuliza kuhusu Ethan. Atakuuliza ni usiku gani mwengine ulimdanganya.

Shoga_wa_Likoni

Mie nasema badilisha bila wasiwasi. Hata filamu yake ya 2017 walibadilisha! Ethan mzee (aliigiza Dennis Quaid) anamtambua mbwa wake, wanafurahi, mambo yanaishia hapo, hakuna mazishi. Wao walilipwa kubadilisha, wewe wafanya bure kwa mapenzi ya bibi yako. Riwaya si khatma ya Qurani kwamba ukiruka aya umepata dhambi.

Msomaji_Buxton

@Shoga_wa_Likoni filamu ilitoka ikiitwa filamu. Haikumwambia mtu asiyeona kwamba hivi ndivyo kitabu kinavyosema.

Ustadh_Mstaafu

Wa aleikum salaam binti yangu. Nimesoma maswali yako mara mbili, nikacheka mara moja, pale pa nguo.

Kuhusu mbwa usione haya. Sisi wa madhehebu ya Shafii twasema mate yake ni najisi, twaosha mara saba, moja kati yake kwa udongo, hilo halina mjadala. Lakini kitabu hakirambi mtu. Na kila Ijumaa tunaposoma Suratul Kahf, mbwa yumo, amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini pa pango akiwalinda waliolala. Iko pia hadithi sahihi ya mtu aliyeshuka kisimani akachota maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, Mungu akamsamehe. Msomee bibi hiyo pia, ingawa nadhani aijua kuliko mimi na wewe.

Kuhusu mwisho: mfasiri ni mwenye amana. Mfasiri akichoka anaweza kufupisha. Kumfufua maiti hakumo kwenye kazi yake.

Kuhusu jini mahaba, mwambie mama mkubwa kisa ni kisa. Kama majini yangekuja kwa kutajwa, Mji wa Kale usingekuwa na nafasi ya watu.

Bint_Kisauni

Kwa cha mizimu mpe Dead Until Dark, cha Charlaine Harris! Msichana mhudumu wa baa huko Louisiana anayesikia mawazo ya watu, anampenda mnyonya damu, wanawake wanauawa, nani muuaji? Kina kila kitu. Tena mbwa yumo, kwa hivyo bibi atajihisi nyumbani.

Paka_wa_Bohora

@Bint_Kisauni unakumbuka unachopendekeza? Bibi wa yule msichana ANAUAWA. Jikoni kwake. Halafu huyo mbwa unayemsifu, msichana anamlaza kitandani kwa huruma, asubuhi anaamka mbwa ni mwanamume, tena ni bosi wake, na hana nguo. Hebu mfikirie Mwana_Kibokoni anayatafsiri hayo kwa sauti, mama mkubwa yuko nyuma ya pazia.

Bint_Kisauni

Nimekumbuka sasa. Naomba radhi kwa bibi, kwa mama mkubwa na kwa ukoo mzima.

Tuktuk_ya_Tudor

Dada, mie si msomaji, naingia humu nikingoja abiria. Lakini mamangu alifanyiwa jicho mwaka juzi. Alikuwa macho wakati wote, akimsikia daktari akizungumza na muuguzi, jioni tukarudi nyumbani kwa tuktuk hii hii. Waliokuwa na hofu ni sisi watoto. Yeye aliniuliza tu kama nimekumbuka kuanua nguo.

Swali langu: bibi yako ana sanda?

Mwana_Kibokoni

@Tuktuk_ya_Tudor anayo. Iko kwenye sanduku la mvule chini ya kitanda, aliletewa kutoka Makka, imeoshwa kwa maji ya zamzam. Kila mwaka kabla ya Ramadhani huitoa akaianika, akaitia karafuu isiliwe na nondo, akairudisha. Mie ndiye humshikia upande mmoja wakati wa kukunja.

Tuktuk_ya_Tudor

Basi. Mtu anayeanika sanda yake mwenyewe waogopa kumsomea mzungu aliyekufa? Abiria huyo amefika, kwaheri.

Shoga_wa_Likoni

Haya. Huyo wa tuktuk kanimaliza. Naondoa kauli yangu.

Mkutubi_wa_Zamani

Nimechelewa, nilikuwa safarini. Nataka kusema kuhusu hivyo vya mizimu maana naona vimepitwa.

Nimesoma vingi, na vingi vina ugonjwa mmoja. Mwanamke anarithi nyumba kutoka kwa shangazi asiyemjua. Ndani mna mzimu wa bwana aliyekufa miaka mia iliyopita, mtanashati, hana kazi ila kusimama dirishani. Yanatokea mauaji. Mzimu alikuwepo, aliona, na hasemi mpaka ukurasa wa 300. Kama alimwona muuaji, si aseme mapema watu walale? Mwandishi anamtumia mzimu kama mkanda wa kamera ya duka: ukitakiwa unapatikana, usipotakiwa umeharibika. Vizuri ni vile ambavyo mzimu huzidisha shaka badala ya kuitatua, na mwanamke hafumbui kitu ila kwa akili yake.

Tena tofauti yetu na wao ndiyo hiyo. Wao mzimu mtanashati wamtengea chumba. Sisi twamfukizia ubani, asipotoka twaandika kombe, yaani aya sahanini kwa zafarani, zikaoshwa mgonjwa anywe. Mama mkubwa wako hajakosea sana, anasoma kitabu kutoka upande mwengine.

Ushauri wangu: acha kutafsiri kidogo, utapasuka kichwa. Mpe bibi Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammad Said Abdulla, cha 1960. Kiswahili cha Unguja, mtu kauawa, maiti iko mzimuni, kila mtu amekwisha kuhukumu kwamba ni mizimu, na mpelelezi Bwana Msa na kiko chake haamini. Mapenzi si mengi lakini mama mkubwa hatakuwa na la kusema. Na kama bibi ataka mbwa tena, Spencer Quinn ana mfululizo wa mbwa Chet na bwana wake Bernie, mpelelezi binafsi. Chet ndiye msimulizi, alifeli mafunzo ya polisi, husahau alichokuwa akisema katikati ya sentensi. Hana falsafa hata chembe. Bibi atampenda.

Paka_wa_Bohora

Mwana_Kibokoni, usitupoteze. Umemsomea au bado?

Mwana_Kibokoni

Nimemsomea. Jana.

Sikubadilisha neno. Nilikuwa nimepanga kufupisha, kama alivyoruhusu Ustadh, lakini bibi ni mjanja, nikienda haraka hunigonga goti. Nilipofika pale Ethan anapoanguka sauti ilinikatika, nikajifanya natafuta mahali. Bibi akaniambia, "Pumzika unywe maji, mie sendi popote." Nikanywa, nikamaliza. Feni inazunguka, nje kuna watu wamekaa wanacheza karata, mie machozi yananitoka kimya kimya na yeye haoni, au niliona kama haoni.

Alikaa muda. Alikuwa akizungusha tasbihi lakini midomo haisomi. Mie najiambia, haya, nimemuua bibi yangu kwa kitabu cha shilingi mia.

Kisha akauliza, "Na yule mbwa sasa nani ampa chakula?"

Nikamwambia yuko Hannah, mke wa Ethan.

"Hannah naye si mtu mzima?"

Nikasema ndiyo, mtu mzima.

"Basi haijesha hiyo. Haiwezekani iishie hapo, mbwa aachwe na ajuza. Tafuta mbele."

Nimeangalia, kumbe kweli ipo mbele. Inaitwa A Dog's Journey, ya 2012, na mbwa ni yule yule. Bwana Msa atangoja kidogo, samahani @Mkutubi_wa_Zamani, nimekwisha kumtajia bibi na amesema akishaona atamsoma mwenyewe. Muuzaji wangu wa vitabu wa Mwembe Tayari hana hiyo ya pili, nimepekua turubai lote leo mchana mpaka akaniuliza kama nimepoteza pete. Operesheni ni wiki ijayo Jumatano, na bibi hataki kungoja macho. Kuna mwenye nacho, hata cha kuazima? Nitakifuata popote, hata Mtwapa. Kikiwa kimechanika si neno, mradi kurasa za mwisho zimo.