Mrejesho: dlclose inarudisha 0 lakini maktaba haitoki

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini seva yetu hapa Kampala inashikilia msimbo wa zamani hata baada ya dlclose (kitendakazi cha Linux cha kuachia maktaba ya .so, yaani faili la msimbo lililopakiwa na programu) kurudisha 0, maana yake imefaulu. Limetatuka, asanteni sana. Chanzo ni alama za kipekee (unique symbols) ambazo kompaila ya GCC huzitia kwenye violezo (templates) vya C++ vyenye vigeu tuli (static); glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux, ikizikuta, haiiondoi kamwe maktaba hiyo kwenye kumbukumbu. Kompaili upya kwa -fno-gnu-unique, kisha, baada ya dlclose, kagua /proc/PID/maps (orodha ya faili zilizo kwenye kumbukumbu ya programu; PID ni namba yake): jina la .so lisiwepo tena.

Tena, tafadhali, msiweke .so mpya juu ya iliyopakiwa kwa cp (amri ya kunakili). Inaandika ndani ya inodi ileile, yaani faili lilelile ambalo programu bado inalitumia, na programu inaweza kuanguka. Iweke kando kwenye mfumo wa faili uleule, halafu ihamishe kwa mv. Kabla ya dlclose, simamisha nyuzi (threads) zote zinazotekeleza msimbo wake.