Kugombea kiti katika Bodi ya Bustani ya Minneapolis: nianzie wapi?

mama_wa_phillips aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Ninaishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, nimeshapata uraia, na ninafanya kazi ya kuwatunza wazee kwa zamu za usiku. Ninafikiria kwa dhati kugombea kiti katika Bodi ya Bustani na Burudani ya jiji hili katika uchaguzi wa Novemba 2029, na bado sijapata mtu wa kunieleza kwa Kiswahili safari hiyo huanzia wapi.

Kilichonisukuma ni maji. Jiji hili lina maziwa mengi na Mto Mississippi unapita katikati yake, lakini wanawake wengi ninaowafahamu, waliotoka Nakuru, Bukavu au Mogadishu, hawajui kuogelea. Kiangazi kinapofika huwapeleka watoto ufukweni na kusimama pale maji yanapogusa magoti, wakijua kwamba mtoto akiteleza hatua mbili mbele hawataweza kumfuata. Ningependa saa za wanawake peke yao katika bwawa la ndani la kituo cha jamii cha mtaa wa Phillips ziongezwe, na wawepo walimu wanaoweza kumwambia mama wa miaka 45 kwa lugha yake namna ya kupumua ndani ya maji.

Nina maswali matatu. Je, nigombee kiti cha wilaya yangu au kimoja cha vile vya jiji zima? Je, mtu mwenye lafudhi kama yangu na asiye na fedha anaweza kusikilizwa? Na je, bodi hiyo kweli ina uwezo wa kuamua jambo kama hili, au nitakuwa nimebisha hodi katika mlango usio wenyewe?

mzee_wa_hodi alijibu:

Dada, nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ukilielewa hilo mengine yatakuwa mepesi. Mlango ni wenyewe. Katika miji mingi ya Marekani bustani za umma ni idara iliyo chini ya meya, na bodi yake, kama ipo, huteuliwa na hutoa ushauri tu. Minneapolis ni tofauti tangu 1883, mwaka ambao bunge la Minnesota lilipitisha sheria ya kuunda bodi inayojitegemea na wapiga kura wakaikubali kwa kura ya maoni, ingawa baraza la jiji halikuitaka. Rais wake wa kwanza alikuwa Charles Loring, na mwaka huohuo mbunifu wa mandhari Horace Cleveland alishauri ardhi ya kandokando ya maziwa na mto inunuliwe mapema, kabla bei haijapanda na kabla matajiri hawajaizungushia uzio. Kwa sababu ya ushauri huo, leo mtu yeyote, hata mwenye kulala chumba kimoja na watoto wanne, anaweza kuzunguka ziwa zima kwa miguu bila kuomba ruhusa ya mtu. Mimi huwaeleza wageni habari hiyo kila ninapopata nafasi.

Bodi ina makamishna tisa: sita huchaguliwa na wilaya sita, watatu na jiji zima, wote kwa kipindi cha miaka minne. Wao ndio wanaoidhinisha bajeti ya bustani, wanaomwajiri msimamizi mkuu wa shughuli zote, na wanaopitisha mipango ya kila bustani na kituo. Hata polisi wa bustani wako chini yao. Mwaka 2016 bodi na baraza la jiji walikubaliana kuhusu mpango wa miaka 20 unaotenga angalau dola milioni 11 kila mwaka kwa bustani za mitaa, na bustani ya kuanza nayo huchaguliwa kwa kuangalia, pamoja na mambo mengine, umaskini na rangi ya wakazi wa eneo husika. Usome mpango huo mpaka uweze kuueleza ukiwa umesimama mlangoni kwa mtu aliyeshika mtoto mkononi. Kamishna hapangi ratiba ya bwawa kwa mkono wake, na usimwahidi mtu hivyo, lakini anapiga kura juu ya fedha za waokoaji na walimu wa kuogelea, na anaweza kumuuliza msimamizi hadharani kwa nini saa ni chache.

Kuhusu wilaya au jiji zima, hesabu yake iko hivi. Mpiga kura hupanga wagombea hadi watatu: wa kwanza, wa pili na wa tatu. Katika kiti cha wilaya mshindi anahitaji kuvuka nusu ya kura, na asipopatikana mapema, wagombea wa chini huondolewa na kura zao huhamia kwa chaguo linalofuata. Katika viti vitatu vya jiji zima kizingiti ni robo ya kura kuongeza moja. Robo inasikika kama kitu kidogo mpaka ukumbuke kwamba ni robo ya jiji lote, pamoja na mitaa ambayo hujawahi kushuka basi. Kwa mtu anayefanya kazi usiku na asiye na gari la kampeni, ushauri wangu ni wilaya. Mwaka 2017 Abdikadir Hassan, mwenye asili ya Somalia, alichaguliwa katika Wilaya ya 3, kwa hiyo njia hiyo imeshapitiwa na mtu wa Afrika Mashariki.

Mfumo huu una faida nyingine ambayo wagombea wapya huisahau. Ukikuta nyumba yenye bango la mpinzani wako, usiiruke. Bisha hodi, msifu mgombea wao kwa lile analostahili sifa, kisha omba nafasi ya pili.

nilishindwa_nikajifunza alijibu:

Dada yangu, mimi niligombea kiti cha baraza katika mji mwingine wa jimbo hilihili nikashindwa, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Nilidhani jamii yetu ingenibeba. Jumapili baada ya Jumapili nilisimama kanisani, watu wakapiga makofi na akina mama wakaniombea, nami nikahesabu makofi kama kura. Siku ya uchaguzi niligundua kwamba zaidi ya nusu ya walioniunga mkono hawakuwa wakazi wa mji ule, na wengine walikuwa bado wanasubiri uraia.

Ninakueleza hili kwa sababu kwenu hali ni hiyohiyo. Wazungumzaji wengi wa Kiswahili, hasa Wakenya, wanaishi Brooklyn Park na Brooklyn Center, na hiyo ni miji mingine kabisa yenye mabaraza yake. Mtu wa Brooklyn Park anaweza kukuchangia, kukupikia chai ya wanaojitolea na kukusaidia kugawa vipeperushi, lakini jina lako hatalikuta kwenye karatasi yake ya kura. Kwa hiyo anza na orodha ya wapiga kura wa wilaya yako, siyo na orodha ya simu yako. Utagundua pia kwamba Wasomali wengi wa mtaa wa Cedar-Riverside, hapo Minneapolis, waliopitia Nairobi, Dadaab au Kakuma wanazungumza Kiswahili vizuri, nao hufurahi sana kusalimiwa kwa lugha hiyo.

Kuhusu lafudhi, sikumbuki mtu hata mmoja aliyenifungia mlango kwa sababu hiyo. Walinifungia nilipokosa jibu.

karani_wa_kura alijibu:

Naomba kuongeza mambo ya sheria, kwa kuwa hapo ndipo watu wetu wanapoweza kuumia. Mgombea lazima awe mpiga kura halali, yaani raia, awe ametimiza miaka 21 atakapoingia madarakani, na awe ameishi katika wilaya anayoigombea kwa siku 30 kabla ya uchaguzi. Majina huandikishwa katika kipindi cha majuma mawili wakati wa kiangazi cha mwaka wa uchaguzi. Hakuna uchaguzi wa mchujo wa vyama, kwa hiyo wote wanaoandikishwa wanakutana Novemba. Hata hivyo, chama cha DFL, yaani Democratic wa hapa Minnesota, hufanya mikutano yake miezi mingi kabla ya hapo ili kuamua kinamuunga mkono nani, na wajumbe wa mikutano hiyo ndio wale ambao baadaye watakuwa tayari kutembea nawe kwenye jua. Usisubiri kiangazi.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: wewe na wasaidizi wako msimwandikishe kuwa mpiga kura mtu yeyote ambaye si raia, hata akiwa na kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu), hata akisema ameishi hapa miaka 20, hata akiwa ni mama yako mzazi. Kosa hilo linaweza kumharibia mtu maombi ya uraia, au hata kusababisha aondolewe nchini. Mwenye kadi ya kijani anaweza kujitolea katika kampeni na anaweza kuchangia fedha zake mwenyewe. Mwonyeshe heshima kwa kumpa kazi hiyo.

Aidha, Minnesota huruhusu kupiga kura mapema kuanzia siku 46 kabla ya uchaguzi. Kwa jamii ya wauguzi na watunzaji wanaofanya zamu mbili kwa siku, hilo ni jambo kubwa. Waambie watu wapige kura Oktoba wakitoka kazini asubuhi, badala ya kutegemea Jumanne moja ambayo msimamizi anaweza kuwaongezea zamu.

kutoka_lamu_hadi_vancouver alijibu:

Mimi niko Vancouver, Kanada, mji mwingine ambao bodi ya bustani huchaguliwa na wananchi. Bodi yetu ilianza kuchaguliwa 1890, na ina makamishna saba wanaochaguliwa na jiji zima bila wilaya. Desemba 2023 meya Ken Sim alitangaza nia ya kuifuta na kuuweka usimamizi wa bustani chini ya baraza la jiji. Ninakuandikia hili, dada, kwa sababu mgombea wa kiti kama hiki ataulizwa mapema au baadaye: bodi ya peke yake ni ya nini, wakati jiji lina baraza? Ukijibu kwa habari ya bwawa na wale akina mama wanaosimama majini hadi magotini, watu wataelewa. Katika baraza linalojadili nyumba, polisi na barabara siku moja, jambo hilo lingekuwa la mwisho kwenye ajenda, usiku, wakati wewe umeshaingia zamu.

mama_wa_phillips alijibu:

Asanteni sana, na wewe mzee_wa_hodi, shikamoo. Nimeamua kuacha wazo la jiji zima. Nimeanza kuandika majengo ya wilaya yangu moja moja katika daftari, na pembeni ya kila jengo ninaandika lugha zinazozungumzwa humo na saa ambazo watu huwa nyumbani. Bado nina wasiwasi kuhusu mikutano ya bodi, kwa kuwa sijawahi kuzungumza mbele ya watu kama hao.

mzee_wa_hodi alijibu:

Marahaba, dada. Bodi hukutana Jumatano jioni, na huwa kuna muda wa wananchi kuzungumza. Usizungumze mara ya kwanza; kaa nyuma, sikiliza mikutano miwili mizima, uone kamishna wa wilaya yako anauliza nini na anayaacha yapi. Kisha nenda na akina mama watano. Kila mmoja aseme sentensi chache kuhusu mtoto wake na maji, na anayeshindwa Kiingereza aseme kwa Kiswahili nawe umtafsirie. Ulizeni pia kuhusu kamati za ushauri za wananchi ambazo bodi huziunda inapopanga upya bustani. Ukiomba kuingia katika kamati mojawapo, utajua kabla ya 2029 kama kazi hii unaipenda hata siku ambazo ajenda nzima inahusu mabomba ya maji na maegesho ya magari. Jumatano nisipokuwa kliniki, mimi hukaa safu ya nyuma, upande wa dirisha. Nitakuwekea kiti.