Askari aliye ndani ya moto asipojibu redio, opereta aendelee kumwita au amwache?

Opereta wa Zamu ya Usiku

Heshima kwenu, wakuu. Mimi ni opereta katika chumba cha mawasiliano cha zimamoto mkoani, na ni mwaka na miezi michache sasa tangu nihamishiwe hapo kutoka masjala. Simu za 114 nimekwisha kuzizoea, ingawa mpigaji akiniambia "njooni nyuma ya msikiti, mkifika mwulizie Mama Ashura" bado natokwa na jasho. Kinachonisumbua ni redio, gari likishafika kwenye tukio.

Wiki tatu zilizopita ghala la magodoro liliwaka usiku. Gari la kwanza liliripoti kufika, kisha kimya. Nilimwita kiongozi wa kikosi mara tatu ndani ya dakika sita, kwa sababu gari la pili lilikuwa njiani likitaka kujua liingilie upande gani, na mlinzi wa jirani alikuwa amepiga simu akisema kwamba kuna kijana hulala humo ndani. Mara ya tatu nikajibiwa neno moja tu, "Subiri!", kwa ukali uliomfanya mwenzangu wa meza ya pili ageuke kunitazama. Kijana alikuwa amekwisha kutokea dirishani, salama. Asubuhi waliporudi, kiongozi yule akaniambia mbele ya watu, "Binti, sisi tuko ndani ya moshi, wewe unatuuliza maswali ya mezani." Nilinyamaza kwa kuwa ni mkubwa wangu, lakini neno hilo halijanitoka. Naomba wenye uzoefu mnieleze: nilikosea kuendelea kumwita? Na nitatofautishaje kimya cha mtu mwenye shughuli na kimya cha mtu aliyezidiwa?

Mstaafu wa Pampu

Binti yangu, pole. Nimeshika mpira wa maji zaidi ya miaka 20 kabla ya kustaafu, na kabla hujamhukumu afande wako nakuomba uitazame mikono yake. Mmoja umeshika nozeli yenye presha, mwingine unapapasa ukuta, usoni ana barakoa ya mtungi wa hewa inayoifanya sauti yake isikike kama ya mtu aliye ndani ya pipa, na nje pampu inanguruma. Hataachia nozeli ili ajibu "hali ikoje". Lakini ungemwambia tangu mwito wa kwanza kwamba kuna mtu anayesemekana amelala humo ndani, angekujibu hata kwa kubonyeza kitufe kwa kidevu. Taarifa unayompa ndiyo itangulie, ndipo swali lifuate. Sijui ulianza na lipi, wewe unajua.

Jambo la pili halimo katika vitabu vingi vya mafunzo, kwa kuwa vingi viliandikwa kwa lugha za watu wengine. Redio hula silabi ya kwanza ya mtu anayezungumza kabla kitufe hakijashika. Sasa tazama Kiswahili chetu kinapoweka ukanushi: mwanzoni kabisa mwa neno. "Hatuna maji" ikiliwa kichwa inabaki "tuna maji", na "hakuna mtu ndani" inakuwa "kuna mtu ndani". Liliwahi kunikuta: dereva wangu alitangaza kwamba hatuna maji, opereta akasikia kinyume chake, akaliambia boza lirudi kituoni. Tangu siku ile kikosi changu kilisema "maji yamekwisha" na "nyumba ni tupu", na opereta alilazimika kuyarudia maneno yetu kabla ya kuchukua hatua yoyote. Bonyeza, hesabu moja, ndipo useme.

Kobe wa Gongo la Mboto

Namheshimu Mzee, ila hapa amemwonea huruma mno mwenzake. Kiongozi wa kikosi akiingia ndani mwenyewe na kuondoka na redio, nje hapabaki mtu wa kujibu, na hilo si kosa la binti. Dereva wa pampu haingii ndani. Apewe redio yake, na opereta aanze na yeye.

Mswahili wa Croydon

Ninaishi London, na swali hili limenirudisha kwenye moto wa jengo la Grenfell, tarehe 14 Juni 2017, ambako watu 72 walipoteza maisha. Simu ya kwanza ilipigwa saa 6:54 usiku. Maopereta usiku ule walikuwa Stratford, upande mwingine wa mji, kwa sababu chumba chao cha kawaida kule Merton kilikuwa kwenye matengenezo. Walizungumza na watu walionaswa ghorofa za juu, wakijua nani yuko chumba kipi na moshi umefika wapi, lakini taarifa hizo ziliwafikia askari kwa njia ndefu: kutoka Stratford hadi gari la uongozi, zikaandikwa kwenye vikaratasi, kisha mtu akakimbia navyo hadi ndani ya jengo, ambamo redio nazo zilishika kwa taabu. Na askari waliouona moto ukipanda ukuta wa nje hawakuwa na njia nyepesi ya kumweleza opereta anachokabiliana nacho yule anayemwambia kwenye simu, "Baki ndani, watakufikia."

Chumba cha mawasiliano kilibadili ushauri huo saa 8:35, na kamanda aliyekuwa kwenye tukio akaufuta saa 8:47. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi, iliyotoka Oktoba 2019, ilisema kwamba ungepaswa kufutwa kati ya saa 7:30 na 7:50. Kila nikisoma saa hizo nafikiri kwamba kila upande ulikuwa na nusu ya picha. Kwa hiyo, dada, taarifa ya yule mlinzi haikuwa swali la mezani hata kidogo.

Bi Opereta, Mombasa

Dadangu, kimya hakipimwi kwa sikio, kinapimwa kwa saa. Mtungi wa hewa unaoitwa wa nusu saa hauwezi kumfikisha nusu saa mtu anayevuta mpira huku akihema. Mimi huandika dakika waliyoingia, na tumepatana na kikosi kwamba kila baada ya dakika kumi nitataja muda uliopita, nao watajibu neno moja tu. Kwa vile walikubali wenyewe, hakuna anayeniona msumbufu. Asiponijibu, namwita mara ya pili, kisha namwuliza dereva. Dereva naye akiwa hana habari, hapo sisubiri tena, natangaza kwamba simpati fulani, na kila mtu ananyamaza hadi apatikane.

Sikiliza pia yaliyo nyuma ya sauti. Mtungi unapokaribia kwisha hupiga filimbi, na aliye ndani, kwa kelele zilizomzunguka, huenda asijue kama ni yake au ya mwenzake. Nimewahi kumwambia mtu, "Naisikia filimbi yako, toka", akatoka akiwa hajui kwamba ilikuwa yake. Kuanzia hapo ndipo waliponiheshimu. Lakini kabla ya hapo nilikwenda kwenye mazoezi yao, nikavaa barakoa, nikatambaa kwenye kontena lenye moshi nikijaribu kuzungumza redioni. Nilishindwa kulitamka jina langu mwenyewe. Nawe mwombe afande wako hivyo.

Opereta wa Zamu ya Usiku

Ahsanteni sana. Mzee, ni kweli nilianza na swali la gari la pili, na habari ya kijana nikaitaja kwenye mwito wa tatu. Nimeirudia kumbukumbu ya zamu na imeandikwa hivyo hivyo, kwa mkono wangu. Leo mchana nimemfuata afande nikamweleza hilo, nikamwomba na nafasi kwenye mazoezi ya Jumamosi. Alinitazama kitambo, akasema, "Mitungi tunaivaa saa moja kamili asubuhi. Usije na sketi."